Kitambaa cha Kitundu Namba Moja

Rosario, 12 Januari 1964

Quirino mpwa wangu,

Kadi yenu ya Krismasi imenifikia juzi, kona moja imelowa kana kwamba imeogelea bahari peke yake. Mimi mzima. Huku Argentina Januari ni joto la kuyeyusha mishumaa. Kiwandani tunachuna ng'ombe mia nne kwa siku. Mikono huuma asubuhi tu. Ikishashika kisu inasahau. Mwambie dada yangu, yaani mama yako, goti lake alipake mafuta ya kafuri na aache kupanda ngazi na kapu la nguo. Na Loredana dada yako akipata mchumba, niambieni kabla ya harusi, si baada ya ubatizo.

Naambiwa sasa u karani wa manispaa na unavaa tai. Vizuri. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kurudi nyumbani bila damu kwenye kucha.

Nina jambo dogo. Pale Roma, mtaa wa Testaccio, karibu na lango la machinjio, kuna mgahawa wa Bi Ersilia. Mama yako hakuwahi kukupeleka, na usimwulize kwa nini. Nenda Alhamisi mchana. Kulia kwa mlango wa jikoni kuna kabati la mbao lenye vitundu ishirini na vinne, vyote vina namba. Kila mteja wa kudumu ana kitundu chake, na ndani yake kitambaa chake cha kufutia mdomo. Niangalizie kitundu namba moja. Kina kitambaa, au kitupu? Hilo tu. Usiseme wewe ni nani. Usiseme umetumwa. Kula, lipa, toka.

Na usimwage jibini kabla hujaonja. Huwa anaona.

Mjomba wako,
Oreste

*

Roma, 9 Februari 1964

Mjomba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Mama hajambo, ila mafuta ya kafuri ameyakataa. Anasema nyumba itanuka kama sakristia. Loredana anatembea na kijana wa posta, lakini sisi wengine tunatakiwa tujifanye hatujui. Mimi niko kwenye mwaka wa majaribio kazini hadi mwisho wa Julai. Mkuu wetu, Bwana Pallotta, hupita nyuma ya viti vyetu kwa viatu visivyolia, kwa hiyo nimejifunza kuandika nikiwa nimekaza mabega. Hata sasa, nikiwa nyumbani, nimeyakaza.

Samahani kwa kuchelewa. Alhamisi mbili nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Ersilia nikapita kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Ya tatu niliingia, kwa kuwa mvua ilinyesha.

Nilikaa meza ya karibu na mlango. Bi Ersilia alikuja, mikono kiunoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe mbele tu, na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Nikamwomba orodha ya vyakula.

"Orodha?" akasema. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi umeshaisoma."

Meza zote zilicheka. Mzee mmoja mpana, Nazzareno, ambaye nadhani alikuwa mchinjaji, akasema, "Mwache, Ersilia. Huyo ni mtu wa ofisi. Angetaka Alhamisi yenyewe iletwe na muhuri."

Nikaletewa nyoki, vidonge vya viazi, ambavyo kumbe ndicho chakula pekee cha Alhamisi pale, kwenye mchuzi wa mkia wa ng'ombe. Nilionja kwanza, kama ulivyoagiza, halafu nikatia jibini. Mjomba, sijawahi kula kitu kama kile, na nilikula nikiwa na wasiwasi mwanzo hadi mwisho. Nazzareno akasema nakula kama mtu anayejaza fomu. Mimi, kwa kuwa ni mgeni, nilipewa karatasi ya kufutia mdomo. Wengine kila mmoja alikwenda kabatini akachukua kitambaa chake.

Jibu lako: kitundu namba moja kina kitambaa. Cheupe, kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi. Nilikiona kutoka mezani kwangu, sikuthubutu kusogea.

Nina swali, na nauliza tu. Je, jina lako lilipata kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya mgahawa ule?

Mpwa wako mtiifu,
Quirino

*

Rosario, 1 Machi 1964

Quirino,

Nimeipata. Asante. Nimeelewa.

Usirudi tena pale. Mjini kuna migahawa mingi.

Msalimie mama yako. Nilipata homa ya siku tatu, imekwisha. Kijana wa posta ni mchumba mzuri, barua zitafika.

Oreste

*

Roma, 5 Aprili 1964

Mjomba mpendwa,

Nakuamkia. Pasaka imepita salama. Mama alioka mwanakondoo akalia kidogo alipoweka sahani yako, kwa maana bado anaiweka. Kijana wa posta sasa anajulikana rasmi; anaitwa Ivano, anakula sana na hasemi kitu.

Hukujibu swali langu. Nimesubiri, nikajiambia labda barua yako ilikuwa na karatasi ya pili iliyodondoka. Kwa hiyo nitasema lile ninalokatazwa kusema. Tafadhali, ukimaliza kusoma, ichome.

Leseni ya mgahawa wa Bi Ersilia iko kwa jina la Oreste Bonanni. Wewe. Ofisi yetu imeanza kufuta leseni zote ambazo mwenye jina hajaonekana kwa miaka kumi. Wewe uliondoka Novemba 1953, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, nakumbuka ulinipa kisu kidogo chenye mpini wa pembe. Miaka kumi ilitimia Novemba iliyopita. Faili liliwekwa kwenye meza yangu Januari, na kwa kuwa mimi ni wa ukoo wa baba yangu kwa jina, hakuna anayejua kwamba ni la mjomba wangu. Siku ile nilipokula nyoki, mjomba, faili lilikuwa tayari ndani ya droo yangu.

Tangazo litabandikwa ukutani kwetu tarehe 27 Aprili, mahali ambapo watu hutundika makoti juu yake. Kuanzia hapo ni siku sitini, hadi Ijumaa tarehe 26 Juni, saa sita adhuhuri, dirisha linapofungwa. Kabla ya hapo mwenye jina akija dirishani kwa mwili wake na kutia sahihi, au akitia sahihi mbele ya konseli wa Italia huko aliko, leseni inabaki, na papo hapo anaweza kuihamishia kwa Bi Ersilia. Asipotokea, mgahawa unafungwa. Leseni mpya katika mtaa ule hazitolewi tena, kwa yeyote.

Nimeambatanisha fomu. Niliitoa ofisini ndani ya soksi. Ikijulikana, nafukuzwa kabla ya Julai.

Mjomba, sahihi moja tu. Pale hula watu arobaini kila mchana.

Quirino

*

Rosario, 26 Aprili 1964

Quirino mpwa wangu,

Afya njema. Mvua zimeanza. Mwambie mama yako asiweke sahani, inanikosesha usingizi huku mbali.

Fomu nimeiona. Sitii sahihi.

Usidhani nina roho mbaya. Mwaka 1949 nilimpa jina langu kwa sababu kwenye karatasi yeye alikuwa mke wa Settimio, aliyepotea Urusi wakati wa vita, na karani mmoja mwenye tai kama wewe alidai sahihi ya mume. Mume hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nachuna ng'ombe hatua mia mbili kutoka pale, na mikia tuliyopewa juu ya mshahara niliipeleka jikoni kwake. Yeye alipika, mimi nilibeba mapipa ya divai. Miaka minne.

Namba moja ni kitundu cha Settimio. Kitambaa chake kilikaa humo kikimngoja, na kila Jumatatu Ersilia alikitoa, akakifua, akakipiga pasi, akakirudisha, kitambaa ambacho hakuna mdomo uliokigusa. Mimi nilikuwa namba tisa. Nikamwambia, "Siku utakayokiondoa kile, nitajua nami ninakaa wapi." Aliendelea kukata vitunguu. Nikangoja mwaka mzima, nikapanda meli. Sikuacha anwani kwa mtu yeyote ila mama yako, na nikamwapisha asimpe Ersilia.

Miaka kumi, Quirino, nilijizuia kuuliza. Mwaka huu nikauliza, na wewe umeniandikia kwa mkono wako: kipo, kimepigwa pasi.

Basi aliye namba moja na atie sahihi.

Fomu nimeihifadhi usije ukasema niliipoteza. Usiniandikie tena juu ya hili.

Oreste

*

Roma, 14 Mei 1964

Mjomba,

Sitaanza na salamu, nisamehe. Nikianza nitapoteza ujasiri. Wote wazima.

Barua yako ilifika Jumamosi. Tangu hapo sijalala vizuri, kwa sababu ya neno moja: nilisema nimekiona. Nilikiona kutoka mlangoni, mjomba, hatua nane, wakati mvuke wa jikoni umejaa. Ofisini mtu angeniletea ushahidi wa namna hiyo ningemrudisha. Kwa hiyo leo, Alhamisi, nimekwenda kuangalia kama inavyopasa.

Nilisubiri Bi Ersilia aingie jikoni, nikaenda kabatini. Nikakitoa. Ndiyo, nilikigusa. Kila kitambaa pale kina herufi kwenye pembe, zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikafunua pembe.

Si S. Ni O.B.

Mjomba, ni chako. Kilichokuwa namba tisa kiko namba moja.

Nikiwa bado nimekishika, Nazzareno akapiga kelele, "Ersilia! Karani anaiba nguo zako!" Bi Ersilia akatoka na mwiko mkononi. Nikasema nilitaka tu kukisoma.

"Kukisoma," akasema. "Watu wanakuja hapa kula, huyu anasoma vitambaa. Kaa chini."

Nikakaa. Akaninyang'anya kitambaa, na badala ya kukirudisha kitunduni akakitandika mapajani mwangu, kwa nguvu, kama anayemfunga mtoto kitambaa cha kuzuia udenda.

"Kitumie," akasema. "Kimefuliwa mara mia tano bure. Na acha kunitazama hivyo. Wewe ni mtoto wa Palmira."

Nikamwuliza amejuaje jina la mama.

"Siku ya kwanza nimejua. Kila mtu hupangusa sahani kwa mkate kuanzia katikati. Wewe unaanza ukingoni, unazunguka, unaingia ndani kama konokono. Nimemwona mwingine mmoja tu akifanya hivyo, na mjinga yule alikwenda mwisho wa dunia kwa sababu nilikuwa nakata vitunguu."

Akakaa. Wateja wanasema hakai kamwe wakati wa chakula. Akasema Januari 1954 treni ya mwisho ya mateka kutoka Urusi ilifika, akaenda stesheni na picha ya Settimio. Mwanamume mmoja aliyekosa vidole akaitazama picha, akavua kofia kama mbele ya jeneza. Jumatatu iliyofuata Bi Ersilia alikifua kitambaa cha Settimio, akakipiga pasi, akampelekea mama yake Settimio. "Miezi miwili," akasema. "Angengoja miezi miwili tu. Nikaenda kwa mama yako kuomba anwani. Mama yako akanifungia mlango, akasema ameapishwa. Tangu siku hiyo sijui kama yuko hai, nafua tu."

Hii ndiyo sababu, basi, ukimtaja Ersilia nyumbani kwetu mama huanza kusugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa.

Nikamwambia habari za leseni. Zote. Kwa sauti ya chini, lakini Nazzareno aliacha kutafuna. Sasa siri ya ofisi yetu inajulikana na Testaccio nzima, na mimi nimekwisha.

Bi Ersilia aliinuka, akachukua mwiko wake. Halafu akasema, "Ikifungwa, ifungwe. Simwombi. Na wewe usimwandikie. Nikijua kwamba amerudi kwa ajili ya karatasi, nitamtupia sufuria."

"Na akirudi kwa sababu nyingine?"

"Kula nyoki zako. Zinapoa."

Mmoja wenu amenikataza kumwambia mwenzake, na mwenzake amenikataza kukuambia. Nimewakosea wote wawili. Umebaki mwezi mmoja na siku kumi na mbili. Nenda kwa konseli kesho, tafadhali, usingoje Jumatatu.

Quirino

*

Roma, 18 Juni 1964

Mjomba mpendwa,

Nakuamkia. Mama hajambo. Nilimwambia kila kitu; alisugua sufuria tatu, kisha akasema, "Kiapo ni kiapo," kisha akavaa kofia yake, akaenda Testaccio peke yake. Hakusema walizungumza nini. Alirudi na kibakuli cha utumbo.

Hakuna neno kutoka kwako. Nimemwuliza Ivano, ambaye ni mtu wa posta, kama barua hupotea. Amesema, "Hupotea." Ndilo neno refu zaidi nimelisikia kwake.

Kila asubuhi nafungua mifuko ya barua kabla ya wenzangu nikitafuta muhuri wa konseli. Bwana Pallotta ameniuliza kama nina mchumba ng'ambo. Nikasema ndiyo. Sasa ananiulizia afya yake.

Jana kalitaja faili lako, akasema nilitayarishe kwa kufungwa. Nitie tarehe ya Ijumaa ijayo, saa sita. Nimeitia kwa penseli. Hajaona bado.

Alhamisi hii nyoki zilikuwa kama kawaida, ila Bi Ersilia alinipa karatasi. Nikatazama kabatini. Kitambaa kiko namba moja. Akasema, "Unatazama nini? Kile ulichofutia mchuzi, nimekifua. Hakina haja ya kutumika na kila mtu." Halafu akanikatia mkate mkubwa kuliko wa wengine.

Barua hii najua haitafika kwa wakati. Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Quirino

*

Roma, Alhamisi 25 Juni, benchi la ofisi yenu, saa tano na robo

Quirino,

Usiinue kichwa. Niko kwenye foleni yako, nyuma ya mama mwenye kapu la mboga za artichoki na bwana anayegombana na mwavuli wake. Nimekujua kwa masikio; ni ya babu yako. Naandika haya nyuma ya tiketi ya meli, nitakusukumia pamoja na fomu, kwa sababu namwona mtu wa viatu visivyolia yuko nyuma yako na sitaki ajue mimi ni nani kabla muhuri haujapigwa. Ukinipokea kama mjomba, watasema ulinipendelea. Nipokee kama mtu wa saa tano. Niulize jina, hata kama unalijua. Nikisahau kuvua kofia, niambie nivue.

Barua yako ilinifikia tarehe 27 Mei. Kwa konseli nilifika, nikakaa kwenye benchi kama hili, nikainuka kabla hawajaniita. Sahihi ingekuja peke yake kwenye bahasha, na mlango wa Ersilia ungebaki wazi, na mimi ningebaki kule Rosario. Nikauza vitu vyangu, nikapanda meli tarehe tano. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kuahidi kitu ambacho huenda miguu yangu ingekataa.

Genova nimeshuka juzi. Roma nimefika jana jioni, nikalala kwa mama yako, ambaye alikuapia uongo asubuhi ya leo kwamba kelele chumbani ni paka. Usimkasirikie. Alisema ukijua hutalala, na kwamba hujalala tangu Mei.

Leo saa mbili nimekwenda Testaccio. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, nikasikia akimgombeza mtu kuhusu viazi. Nikapita kama natafuta namba ya nyumba. Nikarudi. Nikapita tena. Wewe ulifanya hivyo mara mbili kabla ya kuingia, uliniandikia, nami nikacheka sana kule Rosario, mtu mzima mwenye visu vyote hivi.

Sasa mama wa artichoki anaondoka. Hati yote nimeandika ihamie kwake: Ersilia, kwa jina lake mwenyewe, bila mume, bila mimi. Soma vizuri, angalia kama nimekosea pahali.

Ukishapiga muhuri, malizia foleni yako, funga dirisha, chukua koti. Nitakuwa ngazini. Kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na tutafika wakati maji yanachemka. Leo Alhamisi.

Ila wewe ndiye utakayetangulia kuingia.

Oreste